Usichague Udongo Mweusi

Uru, usiku wa kuamkia safari yako

Evarist,

Salamu sikuandikii. Jioni ulinipa shikamoo ukiwa umeugeukia mlango, nami nikaiitikia nikiwa nimeugeukia moto, kwa hiyo adabu ya leo tumeshaimaliza. Naandika kwa sababu kila nikifungua kinywa unakumbuka kazi ya kufanya nje. Tangu Jumapili unafunga mizigo iliyokwisha kufungwa. Ng'ombe wa mdogo wako Deo umewapa majani kuliko Deo mwenyewe anavyowapa. Basi barua haina miguu ya kukufuata uani, lakini pia huwezi kuikatiza. Nimempa mkeo Veronika, na nimemwambia akukabidhi lori likishaipita Moshi mjini, mahali ambapo huwezi tena kurudi kuja kunijibu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za chandarua. Una mke na una akili zako, hayo mtayamaliza wenyewe. Nina jambo moja tu. Kesho mwenyekiti wa kijiji atakupeleka mashambani akuambie uchague, kwa kuwa wewe ni kati ya wa kwanza kufika. Upande mmoja utaona eneo jeusi, tambarare, halina jiwe wala kisiki. Upande wa pili, kwenye mwinuko karibu na mto, utaona udongo wa kahawia unaoelekea wekundu, una migunga na kokoto juu, hautamaniki hata kidogo. Umeshatangaza mbele ya watu kwamba utachukua ule mweusi, upande migomba, ufanye kihamba chako huko, shamba la ukoo kama hili letu. Nakuambia ukiuchukua, utamaliza ujana wako na wa mkeo hapo, na mtoto aliye tumboni mwa Veronika atakuja kuikuta njaa imemtangulia.

Usidhani haya ni maneno ya mama anayelilia mwana. Nimekasirika, na hasira yangu ina watu wengi ndani yake, wala si wewe peke yako. Ngoja nikutajie.

Wa kwanza ni baba yako mkubwa, Leonsi. Baba yako alipofariki, Leonsi alikaa na wazee wa ukoo hapa mbele ya nyumba yangu, wakinywa mbege niliyoipika kwa mikono yangu, wakagawa. Kaka yako mkubwa alikwisha kupewa sehemu yake na babu yenu. Kitinda mimba, Deo, anabaki na nyumba, na kihamba, na mama, maana ndivyo tulivyokuta. Wewe wa katikati ukaambiwa kwamba serikali inatoa ardhi kule chini, nenda na baraka. Nilikuwa nimesimama na kata ya mbege mkononi. Nikauliza, "Na huyu wa katikati mlitaka nimzalie wapi?" Leonsi alinyoosha mkono akaichukua ile kata, akanywa, akaanza kuzungumzia bei ya kahawa.

Wa pili ni Deo. Ni mwanangu pia, nami nitakula kwake mpaka meno yaishe. Lakini siku ile alikaa pale kimya akichezea jani la sale lililopandwa kuonyesha mpaka ambao tayari ulikuwa wake. Ukimya ule sijamsamehe, na anajua, ndiyo maana siku hizi ananiletea sukari bila kuombwa.

Wa tatu ni wewe. Jumapili baada ya misa, uani kwa Leonsi, nilikusihi taratibu, kama mtu anavyozungumza na mwanawe, kwamba usiuchukue ule udongo mweusi wa mbuga. Ukanijibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama, wewe ulishindwa na shamba moja, sasa unataka kila mtu ashindwe." Leonsi alicheka mpaka akajipangusa machozi. Ukamwona anavyocheka, nawe ukacheka. Kilichoniuma si yale maneno. Nilikuuguza surua, nilikubeba mgongoni hadi hospitali ya Mawenzi mvua ikinyesha, na sikuwahi kufikiri kwamba ungekuja kucheka pamoja na mtu aliyekunyima ardhi.

Habari ya shamba lile umeisikia kwa Leonsi tu. Anaisimulia kila mbege ikimpanda, na kila mara anaongeza chumvi. Leo isikie kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa matopeni.

Nilikuwa bibi shamba. Uhuru ulikuwa bado mpya, na msichana wa Uru aliyesomea kilimo alikuwa kitu cha kutazamwa njiani. Nilipangwa na kikosi cha kupima udongo, kuanzia miguuni mwa mlima kuteremka hadi ng'ambo ya reli. Tulikuwa na mtaalamu mmoja, mgeni, mpole, aliyezungumza Kiswahili cha kitabuni, na vijana wa kuchimba. Wanachimba shimo linalomfikia mtu kifuani, ukuta mmoja unalainishwa, kisha mtu anashuka na kuueleza udongo tangu juu hadi chini. Rangi yake kila tabaka. Ukiloweshwa na kuviringishwa vidoleni unafanyaje. Mizizi inakomea wapi. Unadondosha tindikali kidogo uone kama utatoa povu, ujue kama kuna chokaa. Nilikuwa hodari wa kazi ile, naweza kusema hivyo sasa, hakuna wa kunipandisha cheo wala kunishusha.

Lakini nilitoka kihambani, na nilishuka na jambo moja kichwani ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha, kwa kuwa kwetu hakuna asiyelijua. Kwetu udongo mzuri ni mweusi. Ukimwonyesha mtu yeyote wa Uru konzi ya udongo mweusi atasema papo hapo, huu umeshiba. Ndivyo ulivyosema na wewe. Hukukosea peke yako, tumekosea wote tuliozaliwa chini ya migomba.

Chimba hapa nyuma ya jiko uone. Weusi wenyewe ni wa juu tu. Chini yake unakuta udongo wa mlima wenyewe, wa kahawia, mwepesi mkononi, uliotokana na majivu ya mlima zamani sana. Ule weusi wa juu ni wa bibi zetu. Ni samadi waliyoibeba kutoka zizini kila asubuhi, ni magogo ya migomba yaliyooza, majivu ya jiko na majani ya kahawa, kizazi baada ya kizazi. Kwetu ukiona weusi umeona kazi ya mtu. Kule mbugani hakuna bibi aliyebeba samadi. Ule ni ufinyanzi ulioteremshwa na maji kutoka huku juu, ukatuama mahali ambapo maji hayakuwa na pa kutokea. Weusi wake ni rangi tu, na rutuba iliyomo ni kidogo kuliko unavyodhani ukiutazama.

Siku tuliyochimba shimo la kwanza kwenye mbuga, mtaalamu aliniuliza naonaje. Nikamwambia, "Hapa ni kihamba." Hakucheka. Aliniambia tu nirudi kiangazi nitazame tena kabla sijasema neno. Nikaona huyu mtu baridi, anaogopa kusifu ardhi ya watu.

Miaka michache baadaye ofisi ilitaka shamba la mfano kule chini, ikaniachia mimi kuchagua mahali. Nikachagua mweusi. Baba yako, ambaye hakuwa mtumishi wa mtu yeyote, alishusha machipukizi ya migomba ya mchare kutoka hapahapa, begani, kwa sababu alitaka shamba la mkewe lipendeze kuliko ya wengine. Mwaka ule mvua ilikuwa nzuri mno. Nilikwenda kuisoma kwenye kipima mvua kila asubuhi, na kila asubuhi nilirudi na furaha. Migomba ikachipua, ikapanua majani. Watu wa Uru walikuja kutazama, na mimi nikasimama mbele yao nikanena kama askofu. Sehemu hii Leonsi huisimulia kwa kuniigiza, na kwa kweli huniigiza vizuri.

Masika yaliyofuata, udongo ulivimba ukajifunga. Maji yakasimama juu yake, hayana pa kwenda, na mizizi ikaoza ndani ya maji yale. Majani yakawa ya njano. Nilipoingia shambani tope lilishika miguu yangu, kila hatua inanenepa, mpaka nikaviacha viatu vyangu humo na sijaviona tena. Kisha mvua ikakatika, na ule uji ukawa jiwe. Ukapasuka. Nyufa zenyewe niliingiza mkono hadi kiwiko na sikugusa mwisho. Udongo ukipasuka hivyo haupasuki peke yake, unaichana na mizizi iliyomo. Migomba iliyoponea kwenye maji ililala chini moja baada ya nyingine, mizizi imekatika kana kwamba mtu amepita na panga chini kwa chini.

Baba yako alikuja kuona. Alizunguka shamba lote mikono iko nyuma, kisha tukaanza kupandisha nyumbani. Tukavuka reli. Hapo akasema, "Machipukizi yale ni ya mama yangu." Hakuwahi kulitaja shamba lile tena mpaka anakufa. Afadhali angenigombeza. Ningekuwa na kitu cha kumjibu.

Sasa wewe unasema nilishindwa na shamba moja. Ni kweli. Lakini unadhani nilishindwa kwa uvivu, au kwa kuwa ni mwanamke, kama asemavyo Leonsi. Nilishindwa kwa kuamini macho yangu kuliko yale niliyoyajua. Ofisini kulikuwa na vipimo vya mvua vya miaka mingi, vya misheni ya huku juu na vya shamba la mkonge kule chini, na nilivinakili mwenyewe kwa mkono wangu huu. Vilisema wazi kwamba huku kwetu hunyesha zaidi ya mara mbili ya kule. Vilisema pia kwamba mwaka mzuri kule huja na kuondoka, na hauagi. Mimi nikaviacha vyote hivyo nikashika mwaka mmoja, kwa sababu mwaka huo nilikuwa nimeuona kwa macho na umenilowesha nguo.

Na si mvua peke yake. Kule tulikuwa na beseni la maji lililowekwa juani, unapima kila siku jua limekunywa kiasi gani. Karibu kila mwezi jua la kule linakunywa kuliko mbingu inavyoleta, isipokuwa kidogo wakati wa masika. Huku juu wingu linatufunika hadi tunalalamika nguo hazikauki. Unataka kuchukua mgomba, mti unaotaka maji kila mwezi wa Mungu, uuondoe chini ya wingu ukauweke kwenye beseni lile.

Tena kuna tabia nyingine ya udongo ule, na hii ndiyo ninayoichukia kuliko zote. Hata yale maji machache ukiyapata hautoi. Nimechimba mbugani katikati ya kiangazi, nikakuta chini bado kuna unyevunyevu, na juu yake mahindi yanakufa. Maji yapo, lakini ufinyanzi umeyakumbatia, mzizi unavuta haupati. Ni kama Leonsi na kahawa yake, anayo na hampi mtu. Udongo wetu wa mlimani ukiupa mvua kubwa leo, kesho unapita katikati yake na viatu vyako havichafuki, na bado mgomba unakunywa humo wiki nzima.

Sitaki uniambie nauonea. Ungeniambia unakwenda kulima mpunga, au mtama, au dengu, ningenyamaza. Dengu inaota kwenye unyevu uliobaki baada ya mvua, na familia za Kihindi pale Moshi zinaila mwaka mzima. Udongo wa mbuga una mazao yake, na wako wanaouweza. Lakini wewe hukusema dengu. Ulisema migomba na kihamba, ukasema na trekta la kijiji litakulimia. Trekta lenyewe masika linazama, na kiangazi jembe lake linadunda. Kati ya hapo kuna siku chache udongo unakubali kulimwa, na siku hizo kila mtu wa kijiji atakuwa analitaka trekta hilohilo.

Mashimo yetu ya mwisho yalikuwa kwenye ule mwinuko wa karibu na mto. Sote tulikuwa tumechoka, na hakuna aliyetegemea kitu. Juu palikuwa na kokoto. Chini ya magoti tukakuta udongo unaovunjika vidoleni bila kulazimishwa. Mizizi ya migunga, ile myembamba kama nywele, imeshuka hadi sakafu ya shimo na bado inaendelea. Tulimimina debe la maji, yakaingia tukiyatazama. Ni udongo maskini, sikufichi, hauna rutuba ya kujivunia, na jua ni lilelile. Lakini mtu anaweza kuujenga kwa samadi kama bibi zetu walivyoujenga huu wa kwetu, na uko mahali ambapo mkiungana mnaweza kuuchimbia mfongo kutoka mtoni, maji yakawafikia mashambani kama huku. Mwaka wa kwanza utanitukana. Labda na wa pili. Wa mbuga utakufurahisha mwaka wa kwanza, kama ulivyonifurahisha mimi, na furaha hiyo ndiyo itakayokumaliza.

Yote haya niliwaambia viongozi. Walipokuja kupima mashamba kwa kamba, nilisimama kwenye mkutano nikauliza kama kuna aliyeutazama udongo. Yule bwana mdogo aliyevaa kaunda suti akanijibu kwa upole sana, kama anavyojibiwa mgonjwa, kwamba watu wa mlimani wanapenda udongo mweusi, na chama kimewasikiliza, wamepewa mweusi. Watu wakapiga makofi. Nilikaa chini kwa sababu alisema kweli, na ile ndiyo kweli mbaya kuliko uongo wote niliousikia mwaka huo.

Na wale waliopiga makofi wengi walikuwa wanaume. Muulize mwanamke yeyote wa Uru anayeshuka mbugani kukata majani ya ng'ombe. Anaujua udongo ule kwa nyayo zake, amebeba mzigo kichwani huku tope limemshika kifundoni, amekanyaga ufa akateguka mguu. Mwanamume anasimama uani kwa Leonsi, anatazama chini baada ya mvua, anaona weusi unang'aa, anasema lo, mali ile. Sisi hakuna anayetuuliza. Muulize Veronika, ameshuka huko tangu utoto. Nimemuuliza mimi jana, akaniambia anaogopa. Nikamuuliza kwa nini hakuambii, akasema umeshatangaza mbele za watu. Kwa hiyo mkeo anakwenda kuishi mahali anapopaogopa ili wewe usionekane umebadili neno mbele ya Leonsi.

Nisikilize na hili la nyumba. Kuna fundi mmoja wa Kisingasinga pale Moshi, alijenga ghala la mfanyabiashara kule mbugani. Kabla hajaweka msingi aliwaamuru vibarua wachimbe weusi wote wautupe mbali, akajaza changarawe aliyoileta kwa malori. Nilimshangaa, nikamuuliza. Akasema udongo ule ukinywa maji unanyanyua nyumba, na ukikauka unaiachia, na hakuna ukuta unaovumilia mchezo huo. Jirani na ghala lile kuna ofisi ya kijiji kimoja, iliyojengwa haraka juu ya weusi huohuo. Masika mlango wake haufungiki. Kiangazi unapitisha mkono ukutani ukasalimiana na aliye ndani. Wewe huna malori ya changarawe, mwanangu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nikae hapa na kalamu badala ya kulala. Jumapili, ulipokwisha kuondoka na kicheko chako, Leonsi alisema neno ambalo hukulisikia. Alisema, "Evarist atakuwa na shamba. Kihamba hana na hatakuwa nacho." Deo alikuwapo. Wote wakalipokea kama jambo la kawaida.

Leonsi ni mtu mbaya lakini mila anazijua. Migomba haifanyi kihamba, hata ikistawi. Masale uliyopanda mpakani hayafanyi kihamba. Shamba mtu anapewa leo na mwenyekiti huyu, na kesho mwenyekiti mwingine anakuja na kamba yake analipima upya. Linakuwa kihamba siku mnapomzika mtu wenu humo. Hapo hata serikali inapita pembeni, na ukoo unashika adabu, na wajukuu wanajua mahali pa kurudi.

Kwa hiyo nimemwambia Deo leo baada ya chakula, nikamfanya alirudie neno kwa neno ili asije akasema hakusikia. Nitakaa hapa, nitakula kwake, kama mila inavyotaka. Siku nikifa, sizikwi hapa. Utakuja wewe, utanichukua, utanizika kwako. Deo alilia, akaniambia watu watasema amemfukuza mama yake. Nikamwambia waseme. Leonsi akisikia ataita ukoo, na mimi nitawapikia mbege wanywe, nikishawapikia nitawaambia tena. Baba yenu amelala hapa nyuma ya nyumba, na Mungu anajua nilitaka kulala kando yake. Nafasi yangu Leonsi ameshaipima kwa macho, nimemwona. Aipande kahawa.

Sasa nenda kachague. Ukiuchukua mweusi nitakuja vilevile, sina neno jingine na sitalibadili. Lakini ujue unachonifanyia. Kila masika ardhi itanivimbia na kuninyanyua, na kila kiangazi itapasuka iniachie, msalaba utainama upande huu na upande ule, na Veronika atakatazwa kuwaleta watoto karibu kwa sababu ya nyufa. Nimesumbuliwa na ukoo huu tangu nilipoolewa. Nitafutie mahali ambapo nitalala nikatulia.

Mimi mama yako, na hasira sijaimaliza,

Theresia